Machela Kutoka Mlimani: Msaada wa Tiba kwa Wasafiri wa Kilimanjaro na Deni la Usharika Wetu

Utangulizi

Kamati ya Maandalizi ya Jubilei iliponiagiza kuandika sehemu ya kitabu hiki cha miaka mia moja, nilikuta wenzangu wamekwisha kugawana mambo makubwa. Yupo aliyepewa habari za wainjilisti wa kwanza, mwingine ujenzi wa kanisa, mwingine shule, mwingine kwaya na Umoja wa Wanawake. Nikaomba niruhusiwe kuandika juu ya jambo ambalo halimo katika kumbukumbu zozote za Baraza la Wazee, ingawa kwa miaka yote hiyo limekuwa likipita mbele ya mlango wa kanisa letu. Jambo hilo ni machela.

Wageni wetu kutoka Dayosisi na sharika jirani wanafahamu kwamba Usharika huu umekaa katika miteremko ya Kilimanjaro, karibu na njia ya wapandao mlima kutokea Marangu. Kila mwaka maelfu ya wasafiri huipita njia hiyo. Walio wengi hushuka kwa miguu yao wenyewe, wakiimba. Wachache hushushwa wamelala, na wanaowashusha ni watoto wetu. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi msaada wa tiba ulivyowafikia wasafiri hao tangu siku za wamisionari hadi leo. Nitauliza pia swali ambalo nililisikia siku ya mazishi mwaka 1989, ambalo mpaka sasa sijapata jibu lake lote: mgonjwa wa mlimani hubebwa na mpagazi; je, mpagazi akiugua, hubebwa na nani?

Siku za kwanza: mlima usio na mganga

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai pamoja na kiongozi wa msafara Bwana Kheri na wapagazi wachache, aliona weupe juu ya mlima akatambua kuwa ni theluji. Wataalamu wa jiografia wa London walimbishia kwa miaka mingi. Wachaga hawakuhitaji kubishana. Rebmann na mwenzake Krapf waliandika simulizi walilolikuta huku, la mtawala mmoja wa zamani wa Machame aliyetuma watu kwenda kuchunguza ule weupe ni kitu gani. Inasimuliwa kwamba ni mmoja tu aliyerejea, naye mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi. Ukilisoma simulizi hilo kwa jicho la leo, unaona ndani yake taarifa ya kwanza ya ugonjwa wa mlimani katika nchi yetu. Unaona pia kwamba tangu mwanzo walioumia ni waliotumwa.

Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, aliifikia theluji, ilhali wengi wa waliomsindikiza walibaki nyuma kwa sababu ya baridi. Alirudi salama safari hiyo. Lakini mwaka 1875, akirejea pwani kutoka Uchagani baada ya kunyang'anywa mali zake, aliugua na akafariki njiani. Mganga hakuwapo wala zahanati, na kati ya mlima na bahari ulikuwapo mwendo wa majuma kadhaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti ya safari kwa kila mtu wa wakati ule, mweupe na mweusi.

Hans Meyer alijaribu kufika kileleni mwaka 1887 akashindwa. Tarehe 6 Oktoba 1889 alifanikiwa, akiwa na Ludwig Purtscheller. Safari hiyo ya pili ina fundisho la kitabibu lisilosemwa sana. Meyer hakukimbilia juu. Mangi Mareale wa Marangu alimpokea. Akaweka kambi moja juu ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Kwa njia hiyo yeye na mwenzake waliweza kukaa juu muda mrefu, miili yao ikizoea. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa Kibo wakiwa wamechoka mno. Wakashuka, wakapumzika, na siku tatu baadaye wakapanda tena hadi kileleni. Kule kushuka na kupumzika ndiko madaktari wa leo wanakokufundisha. Na kuliwezekana kwa sababu watu kama Mwini Amani, mwenyeji wa Pangani aliyebaki nao katika kambi ya juu, na vijana wa Marangu waliopandisha ndizi na kuni, walikuwa wakipanda na kushuka bila kuandikwa sana.

Ugonjwa wenyewe na dawa yake

Wasomaji wasiopanda mlima hawana budi kuelezwa ni ugonjwa gani tunaouzungumzia. Kilele cha Kibo kina kimo cha mita 5,895. Katika kimo hicho pumzi moja ya hewa ina oksijeni isiyofika nusu ya ile ya pwani. Mwili unaweza kujirekebisha kwa kiasi, ila kwa siku na si kwa saa. Anayepanda haraka huanza kuumwa kichwa, huchukia chakula, hutapika na hukosa usingizi. Wengi huishia hapo na hupata nafuu wakipumzika. Lakini wako ambao maji huwajaa mapafuni: hukohoa, hutweta hata wakiwa wamekaa, na kifua hutoa sauti kama sufuria inayochemka. Wengine ubongo huvimba: huyumba kama walevi, husema maneno yasiyoeleweka, kisha hulala wasiamke. Waongozaji wetu wana kipimo chepesi. Humwambia mgonjwa atembee katika mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Asiyeweza hapandi tena.

Wataalamu hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tuitazame njia yetu. Mandara ni kama mita 2,720, Horombo 3,720, na Kibanda cha Kibo kiko juu ya mita 4,700. Maana yake, kila siku msafiri hupanda yapata mita elfu moja, mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa. Ndiyo sababu wenye hekima hukaa Horombo siku ya ziada, na ndiyo sababu neno letu la kila siku, "pole pole", limejulikana duniani kote.

Dawa zipo. Ipo asetazolamaidi, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Diamox, ya kuusaidia mwili kuzoea. Ipo deksamethasoni kwa ubongo uliovimba na nifedipini kwa mapafu. Upo mtungi wa oksijeni, na upo mfuko mkubwa wa kumfungia mgonjwa ndani na kujazwa hewa kwa pampu, ili awe kana kwamba ameshushwa chini. Hivyo vyote huongeza muda tu. Dawa yenyewe ni kushuka. Mita mia chache zaweza kumrudishia mtu uhai, na kuchelewa kwa usiku mmoja kwaweza kumwua. Lakini mgonjwa asiyeweza kusimama hajishushi. Kwa hiyo ni lazima dawa hii ya kwanza ya mlimani itolewe na watu wengine, kwa mabega yao.

Vibanda, machela na hospitali

Wajerumani walijenga vibanda viwili vya kulala wapandaji kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wakaviita kwa majina ya wakubwa wao, Bismarck na Peters. Baadaye vilipewa majina ya watawala wa Kichaga, Mandara na Horombo. Kibanda cha Kibo kilifuata mwaka 1932. Katika miaka hiyo ambayo Usharika wetu ulikuwa mchanga, mchungaji mmoja wa misheni ya Leipzig, Dkt. Richard Reusch, alipanda mlima mara nyingi kiasi kwamba shimo la ndani la Kibo lina jina lake hadi leo. Wengi wanamkumbuka kwa chui aliyeganda ambaye alimkuta juu kule mwaka 1926. Wazee wetu walimkumbuka zaidi kwa kuwa alijua kuwasemesha wapagazi.

Katika zama zile kibanda kilikuwa kibanda tu. Hakuna kilichokuwa na mganga. Aliyeugua Kibo alikuwa na takriban kilomita 30 mbele yake kabla ya kufika barabarani. Baba yangu, aliyebeba mizigo mlimani kwa zaidi ya miaka ishirini, alinieleza jinsi walivyofanya. Walikata miti miwili chini ya Horombo, maana juu zaidi hakuna miti. Wakafunga blanketi au gunia katikati, na watu sita au wanane wakapokezana, wanne wanne. Walipofika kwenye vihamba walipiga ukelele, na wenye nguvu katika kila mtaa wakatoka kupokea. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni nani. Baadaye ikaja machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati, ambayo bado inatumika. Gurudumu hilo huchukua uzito. Lakini penye mawe na ngazi, bega halijapata badala yake.

Nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, niliiona machela ikipita alfajiri mbele ya kanisa. Mama alikuwa akitwanga. Aliacha mchi, akachukua kibuyu cha maziwa, akawakimbilia. Nakumbuka kwamba wabebaji walikunywa wakitembea.

Kutoka barabarani mgonjwa alipelekwa kwenye hospitali za misheni au ile ya serikali mjini Moshi. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1971 ilipofunguliwa Hospitali ya KCMC, chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ambalo lilianzishwa katika enzi za Askofu Stefano Moshi kwa ushirikiano wa makanisa. Hatukulichagua jina hilo kwa mapambo. Katika mfano wa Bwana wetu, ulio katika Injili ya Luka sura ya 10, yule Msamaria alifanya mambo matatu: alifunga majeraha, alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, na alilipa gharama ya nyumba ya wageni. Tiba, usafiri na malipo. Palipokosekana moja, msaada haukukamilika.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi kwa wageni mwaka 1977. Wasafiri wakaongezeka mwaka hata mwaka, ajira ikaongezeka, na vijana wetu wa kipaimara wakaanza kwenda mlimani mara tu wanapomaliza shule. Tulishukuru. Tuliwaombea wageni safari njema. Sikumbuki kama tuliwaombea wapagazi kwa jina.

Swali la mwaka 1989

Mwaka 1989 iliadhimishwa miaka mia moja tangu safari ya Meyer. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa kiongozi wa safari ile, alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1996. Ulikuwa mwaka wa fahari kwetu. Mimi nilikuwa mchungaji kijana, nimetoka chuoni Makumira si muda mrefu, na nilipangiwa kuhudumu hapa nyumbani.

Katika mwaka huo huo kijana mmoja wa Usharika huu, ambaye nilimfundisha mwenyewe nyimbo za kwaya, alipanda na msafara wa wageni. Sitalitaja jina lake kwa ombi la familia, wala sitalitaja kundi lililomwajiri. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Siku ya tatu, kwenye Kibanda cha Kibo, alianza kukohoa na kutweta. Wenzake walisema kifua chake kilikuwa kikilia. Aliyewasimamia alidhani ni mafua; akasema kwamba Mchaga hawezi kuugua mlima wake mwenyewe. Dhana hiyo iko hata kwetu, na ni ya uongo. Vijiji vyetu viko katika kimo cha mita 1,500 hivi. Kuzaliwa hapo hakumkingi mtu atakapofika mita 4,700 akiwa na mzigo kichwani, koti moja mwilini na uji tumboni.

Jioni hali ilizidi. Aliambiwa ashuke Horombo, na shauri hilo lilikuwa sahihi kabisa kitabibu. Lakini aliambiwa ashuke peke yake, ili mizigo isikose wabebaji. Usiku ule ule mgeni mmoja wa msafara alizidiwa na maumivu ya kichwa, akashushwa kwa machela na watu sita. Watu hao walimkuta kijana wetu kwenye Tandiko, lile tambarare lililo kati ya Kibo na Mawenzi, ameegemea jiwe akiwa amekwisha kufa. Wawili walibaki naye hadi kulipokucha. Wanne walimfikisha mgeni Horombo, naye alipona. Tulimshukuru Mungu kwa kupona kwake, na ninamshukuru hata leo. Mgeni yule hakuwa na kosa lolote.

Siku ya mazishi nilihubiri juu ya faraja na ufufuo. Baada ya ibada, baba yake marehemu alinishika mkono kando ya kaburi, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Mchungaji, mgeni alipewa watu sita. Mwanangu alipewa wangapi?"

Sikumjibu. Nilimwambia tuombe. Naandika haya nikiwa mzee kumzidi yeye alivyokuwa siku ile, na ninakiri mbele ya Usharika kwamba maombi yangu yalikuwa njia ya kuondoka. Nilipaswa kwenda kwa waliomwajiri kuuliza. Nilipaswa kulipeleka jambo hilo katika Baraza la Wazee, na kwa mamlaka za mlima. Nilihofia kwamba vijana wetu wangenyimwa kazi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo, ilinifanya nifanane na kuhani na Mlawi waliopita upande wa pili.

Mwaka mmoja baadaye, wanawake wa Usharika ndio walioanza. Hawakuandika barua. Walikusanya mablanketi na masweta, wakayaweka katika chumba cha nyuma cha ofisi, na mpagazi yeyote aliweza kuazima bila malipo. Muuguzi wa zahanati akakubali kuwafundisha vijana, Jumapili baada ya ibada, dalili za ugonjwa wa kimo na sheria moja ambayo nao waliigeuza kuwa wimbo: anayeumwa hashuki peke yake.

Yaliyobadilika na yaliyobaki

Si haki kusema kwamba hakuna kilichotengenea. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao huwaazima nguo za baridi bila malipo na hufuatilia ujira, chakula na malazi yao. Makampuni mengi sasa hupanda na mitungi ya oksijeni na vipimo vya kidoleni. Simu hufika mahali ambapo zamani habari ilipelekwa kwa mbio za miguu. Mwezi Agosti 2022 intaneti ya kasi ilizinduliwa hadi Horombo. Helikopta nazo huchukua wagonjwa, mawingu yakiruhusu. Saa ambazo baba yangu alizihesabu kwa hatua sasa huhesabiwa kwa dakika, kwa yule ambaye bima yake inalipa.

Na hapo ndipo swali la 1989 linaporudi. Helikopta huita bima, na bima huwa na mgeni. Mpagazi aghalabu hana kitu hicho.

Yafaa tujifunze kwa wenzetu wa Nepal. Mwaka 1966 Edmund Hillary, aliyepanda Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, alisaidia kujenga hospitali ndogo katika kijiji cha Khunde, chenye kimo cha zaidi ya mita 3,800. Ilijengwa kwa ajili ya Masherpa wenyewe, akina mama wao na watoto wao. Wasafiri walipoongezeka, nao wakatibiwa humo. Mwaka 1973 kikaundwa chama cha uokoaji cha Himalaya, chenye kituo cha tiba katika kijiji cha Pheriche, kilicho juu zaidi ya mita 4,200. Fundisho ni kwamba tiba iliyopangwa kwa ajili ya wenyeji humfaa na mgeni pia. Kwetu mambo yalianza upande wa pili: tulijenga njia ya kumwokoa mgeni, tukatumaini kwamba mwenyeji ataokoka ndani yake.

Hitimisho

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, watu wanne walimbeba mgonjwa wa kupooza, wakatoboa paa, wakamshusha mbele ya Yesu. Mwinjilisti hakutaja majina yao, lakini anasema kwamba Bwana aliiona imani yao, yaani imani ya waliobeba. Nimelihubiri neno hilo mara nyingi. Kwa miaka mia moja Usharika huu umekuwa mmojawapo wa wale wanne, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu bila kujisifu.

Lakini shukrani yetu haitakamilika ikiwa tutawasahau waliopooza wakiwa wanabeba. Kwa hiyo nimeiomba Kamati ya Jubilei mambo mawili, nayo imekubali. La kwanza, orodha ya wana wa Usharika waliofia mlimani, wale ambao familia zao zimeridhia, itasomwa katika ibada ya kilele kabla ya salamu za wageni. La pili, sadaka ya pili ya siku hiyo itakuwa ya bima ya afya kwa wapagazi wa mitaa yetu yote, waumini wetu na wasio waumini wetu.

Baba wa yule kijana alikwisha kulala katika Bwana. Mama yake yu hai, na bado huleta sweta moja kila mwaka kwenye chumba cha nyuma cha ofisi. Mwaka jana nilimwambia kwamba ninaandika sura hii. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika kwamba alishuka peke yake." Nimeandika.